Daftari langu la kutabiri bei ya dhahabu

Jamani, leo nusura nimponze Masanja, na mtoto wake amelazwa Ushirombo.

Daftari langu mnalijua. Kila wiki naandika ni wachimbaji wangapi hapa Nyarugusu wamepatana bei na mnunuzi kwa dhahabu watakayoleta baadaye. Juzi nikarudia kurasa za nyuma, nikalinganisha na bei ya kila wiki. Wakiwa wengi, bei imepanda. Wiki tisa kati ya kumi!

Nimeishia darasa la tano, lakini kambini naitwa Profesa.

Leo Masanja kaja na dhahabu yake yote kwenye kitambaa.

"Profesa, niuze leo nipeleke hela ya dawa, au nisubiri Jumamosi?"

Jumapili iliyopita walikuwa wengi. Nikamwambia asubiri.

Mnunuzi akaanza kufunga mizani yake.

Mama Neema, anayetupikia chai, akauliza, "Hao watu unawahesabu lini?"

"Jumapili, wakipumzika."

"Na bei mpya inatoka lini?"

"Jumamosi. Naiandika ukurasa mmoja na hesabu ya kesho yake."

"Sasa si bei inapanda kwanza, ndiyo wanakimbilia kupatana? Unatabiri yaliyokwishapita, baba!"

Watu wakacheka.

Ningeweza kunyamaza, heshima yangu ikabaki.

Nikasema, "Masanja, uza. Nimekosea."

Akanitazama, kisha akamkimbilia mnunuzi. Kauza, kapanda gari la Ushirombo. Hata kuniaga hakuniaga.

Sasa mimi, mchimbaji, miaka minne mbali na Songea kwetu, naomba Jumamosi bei ishuke, Masanja asijutie kuuza.

Nyie mngemwambia kwamba mmekosea?