Injini ya Ildephonse Isiyonguruma

Mwaka ule baada ya Warundi kuvuka kwa wingi kukimbia mauaji ya kwao, Ildephonse Ntakarutimana alifika Ujiji na shati moja na maneno mengi. Mengi yalihusu gari la tajiri wa kahawa ambaye yeye alikuwa dereva wake kule Bujumbura.

"Silinda nane, zote kwenye mstari mmoja," alikuwa akisema kila alipopata wa kumsikiliza. "Ikiwaka, unasimamisha glasi ya maji juu yake na maji hayatikisiki."

Watu walicheka. Leonardi, fundi wa malori pale Mwanga, alimwambia injini isiyonguruma ni sawa na jogoo asiyewika: mchinje.

Siku moja Verediana, mjane muuza vitenge, alimsikia. "Gari kama hilo ninalo mimi," akasema. "Marehemu alilinunua kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa anahama. Kuku wangu wanatagia humo."

Ildephonse alipofunua boneti ile ndefu kama jeneza, alivua kofia. Silinda zilikuwepo zote nane, zimepangana, zimejaa manyoya na kinyesi. Akageuka upande, akajifanya vumbi limemwingia machoni. Tangu avuke mpaka, hakuwa amekutana na kitu chochote anachokijua.

Akaomba ruhusa ya kuifufua injini. Verediana akakubali, ila tetea aliyekuwa akiatamia kwenye kiti cha nyuma asisumbuliwe.

Kazi ikachukua masika nzima. Plagi aliziokota huku na huko, kabureta akaichokonoa kwa unyoya wa kuku. Siku ya kuwasha, mtaa mzima ukaja. Ildephonse akaweka glasi ya maji juu ya injini, akazungusha hendeli, kisha akasimama kando amefumbata mikono.

"Haijawaka," akasema Leonardi.

"Imewaka."

"Mbona sisikii kitu?"

"Ndiyo nilichokuwa nawaambia, ndugu yangu."

Leonardi akainama kuhakikisha. Feni ikamnyakua kofia, ikaitema vipande vipande. Hapo kila mtu akaamini.

Verediana akapanda mbele na kitenge chake kipya, wakashika njia ya kuteremka ziwani. Watu hawakusikia gari likija. Wauza dagaa walishtukia pua yake ubavuni, wakaruka na beseni zao. Ildephonse alikuwa akitabasamu peke yake mpaka alipokanyaga breki, ndipo akakumbuka kwamba akili yake yote ilikuwa kwenye injini.

"Mama Verediana," akasema kwa upole, "ungewaambia watu wapishe."

"Kwani honi haipo?"

"Honi haipo. Na breki pia."

Verediana akatoa kichwa dirishani, akawapigia kelele watu mpaka Ziwa Tanganyika lilipowapokea. Maji yakafika vitini. Tetea akapanda juu ya kichwa cha Ildephonse, akabaki hapo. Verediana akakusanya mayai kwenye upindo wa kitenge, akatembea majini hadi ufukweni. Halafu akageuka.

"Nimekubali," akasema. "Kweli haina kelele."

Wavuvi walilivuta gari kwa kamba. Injini ilikuwa imemeza maji na haikuwaka tena, kuku wakarudishiwa nyumba yao. Lakini Ildephonse aliendelea kuja kila Jumapili baada ya misa kuipaka mafuta isishike kutu, mpaka Verediana akachoka kungoja.

"Bwana Ildephonse, injini imekufa. Sasa unayekuja kumwona hapa ni nani?"

Akajibu kwa Kirundi, na kwa kuwa Kiha, lugha ya Verediana, na Kirundi ni ndugu, alielewa kila neno. Wakafunga ndoa kanisani, wakienda na kurudi kwa miguu.

Baadaye Ildephonse alipata kazi ya kutengeneza injini za boti kule Ilagala. Zilinguruma kutwa nzima, naye akirudi nyumbani alikuwa akizungumza kwa sauti ya juu kama mhubiri. Verediana alimwekea mkeka nje, amalizie kelele zake huko kabla ya kuingia kula.