Pangaboi la Injini ya Baba

Harufu ya dizeli bado hunirudisha Mpui, kwenye ua wetu, mwaka ule nilipokuwa na miaka tisa na baba akafariki. Alikuwa mvuvi Kasanga, kule chini Ziwa Tanganyika. Sisi huku juu tulimwona mara moja kwa mwezi, akija na dagaa na ile harufu nguoni. Baada ya mazishi, injini ya boti yake ililetwa kwa lori, ikalazwa juu ya magunia nyuma ya jiko.

Baba mdogo alitaka kuirudisha ziwani akavue. Lakini maji yalikuwa yakipenya nyuma ya pangaboi, ile feni inayosukuma boti majini; mpira wa kuziba pale ulipaswa kubadilishwa, na pangaboi lenyewe lilikuwa limeshikwa na kutu, halitoki. Akachukua nyundo kubwa.

"Shemeji, weka chini," mama alisema. "Kaka yako hakuwa akiipiga hivyo. Niachie mimi."

Kabla sijazaliwa, mama aliishi Kasanga, akimshikia baba spana. Alimimina dizeli palipoganda, akasubiri. Akamwagia maji ya moto pale katikati, akaegesha kipande cha mbao ya mninga, akagonga juu yake taratibu, upande huu na ule, kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa. Kisha akasubiri tena.

"Chuma kikikataa usishindane nacho," aliniambia. "Kipe muda. Ndivyo baba yako alivyokuwa akisema."

Alikipa siku tano. Kila alipotoka shamba alipitiliza nyuma ya jiko, akakaa na injini mpaka giza linaingia. Mimi nilibaki ndani na chungu cha maharage, nikisikia ko, ko, ko, na upepo wa Ufipa ukipita chini ya mlango. Nilisoma daftari langu kwa sauti ili nyumba iwe na mtu anayeongea.

Siku ya sita, mama akiwa kwenye shamba la ulezi, nilichukua ile nyundo. Nilipiga mara mbili. Ncha ya pangaboi ikakatika, ikarukia majivuni.

Aliporudi alinikuta nimeishika ile ncha kiganjani. Hakunichapa.

"Ulikuwa unataka nini, mwanangu?"

"Nilitaka litoke, ili urudi ndani."

Aliichukua ile ncha kiganjani mwangu. Kisha akapiga magoti, akalishika pangaboi kwa mikono miwili, akalivuta. Likatoka kirahisi, kama kifuniko cha sufuria.

Baba mdogo alisawazisha palipokatika kwa tupa, akabadilisha mpira, na Jumamosi injini ikapakiwa kwenye lori. Mama hakutoka nje.

Miaka mingi niliamini nyundo yangu ndiyo iliyolilegeza, na nilijivunia kimyakimya. Hadi siku moja nikamsimulia fundi mmoja pale Sumbawanga. Akatikisa kichwa. Kwa dizeli na maji ya moto, alisema, siku ya pili lilikuwa tayari.

Mama alijua. Siku zile zote aligonga kitu kilichokwisha kulegea, kwa kuwa kikitoka injini ingeondoka, na hapakuwa na kingine cha baba ambacho mikono yake ingeweza kukihudumia. Nami nikamharakisha.