Tumbo Joto Mbele ya Daktari

Kila asubuhi tumbo lilinikata, nikajua ni saratani, nikawaza binti yangu atabaki bila mama, nikakimbilia naye kliniki hapa ughaibuni, mjini Garland. Daktari akauliza ninajisikiaje. Nikasema nina tumbo joto, yaani nina hofu, lakini binti yangu akamtafsiria kwamba tumbo langu linawaka. Daktari akalipapasa, akatafuta kipimajoto. Nesi Mkenya akacheka, akamweleza maana, kisha akanigeukia.

“Linauma lini, dada?”

“Nikiendesha gari kwenda kazini.”

“Na Jumapili?”

“Jumapili anaendesha mume wangu. Nakula hata pilipili.”

“Basi tumbo ni zima, linaogopa malori ya barabara kuu ya hiwei tu.”

Daktari alinipima, akakubali. Kumbe Kiswahili kilishanipima kabla yake. Aibu hii nimewaambia ninyi wasomaji tu, naahidi sitamwambia mtu mwingine.