Wafalme Walioitwa Jina Moja

Révérien alisimama mlinzi miaka mingi mlangoni mwa duka la vitu vya kale la Mzee Othmani, mtaa wa Marshalltown, akiitwa Régis. Régis alikuwa kaka yake, Mungu amrehemu. Walitoka Burundi pamoja; kifua kikuu kikamuua kaka, akaacha kadi yake ya kazi ya ulinzi. Kwa sura walikuwa kama mapacha, mdogo akaivaa kadi, akapata riziki. Lakini kila alipoitika jina lile, aliona kama ameketi juu ya kaburi.

Asubuhi moja ya mvua, wateja hakuna, mzee akatandaza sarafu za kale za fedha kwenye kaunta.

"Régis, njoo uone wafalme. Waparthi hawa."

"Wale waliotajwa siku ya Pentekoste?"

"Hao hao. Biblia yako imekufaa leo."

Upande mmoja kichwa cha mfalme, ndevu za mawimbi, kilemba chembamba kipajini. Upande wa pili mtu ameketi, kashika upinde. Huyu pua ndefu, yule ana chunjua kwenye paji la uso.

"Huyu anaitwa nani?"

"Arsake."

"Na huyu?"

"Arsake."

"Eish, mzee, unanitania!"

"Wallahi. Arsake ndiye aliyeanzisha ufalme. Waliomfuata, karibu wote, waliandika jina lake, la kwao wakaliacha. Ndiyo heshima yenyewe."

Révérien akaishika kadi iliyoning'inia kifuani.

"Basi na mimi ni kama hao, mzee. Régis ni marehemu kaka yangu. Mimi ni Révérien."

Mzee hakucheka. Akaanza kuzirudisha sarafu kisandukuni.

"Miaka yote hii?"

"Nisamehe, baba."

"Nimeshakusamehe. Lakini duka lina bima, mwanangu. Majambazi wakivamia, na mlinzi ana jina la maiti, nani atanilipa? Wale walikuwa wafalme. Wewe ni mlinzi."

Akapiga simu; kabla ya adhuhuri kampuni ya ulinzi ikaleta mtu mwingine. Kadi wakaichukua.

Nyumbani, mtaa wa Alexandra, mkewe Vestine hakumlaumu. "Ulisema kweli, Baba Diane," akasema, akageukia sufuria.

Hata kanisani walimjua kama Régis, maana aliogopa maneno yasifike kazini. Sasa alimpelekea mchungaji jina lake la ubatizo. Jumapili mchungaji akatangaza, "Asimame ndugu yetu Révérien, aliyepoteza kazi, tumwombee."

Watu wakageuza shingo kumtafuta mgeni. Révérien akasimama. Mama mmoja wa nyuma akamvuta shati.

"Keti, Ndugu Régis. Hawakuiti wewe."