Mlima wa Beti Nne

Jumamosi nilikuwa gereji hapa Machakos, akina mama wa kwaya wakaleta van yao kuukuu.

"Fundi, imekuwa nzito kwa mlima."

"Nzito aje?"

Kiongozi wao akainua vidole viwili. "Zamani tulikuwa tunafika juu tukiwa beti ya pili. Siku hizi wimbo wote, beti nne, inaisha na bado tunapanda."

Sijawahi kusikia kipimo kizuri kama hicho. Fundi akagundua waya wa pedali ya mafuta umelegea: ukikanyaga mpaka chini, injini inapata nusu. Akaukaza, akatupakia sote.

"Imbeni!"

Tulifika kileleni katika ubeti wa pili. Fundi akacheka, lakini kiongozi akanuna.

"Rudisha vile ilikuwa. Mashindano ni kesho, mazoezi tunafanyia hapa kwa mlima, na beti ya nne bado hatujashika!"