Tukae Naye Angali Hai

Nakumbuka alfajiri moja, mwanangu, nilitoka Ukunda nikafuata barabara ya kusini bila kujua niendako. Miaka ya tisini ilikuwa ikielekea ukingoni, na ndivyo nilivyoishi, nikitangatanga: shule niliiacha mapema, lakini kiu ya kujua mambo haikuniacha. Karibu na Msambweni kigae cha chupa kikapenya kandambili yangu, kikanichoma unyayo. Nikajikokota hadi hospitali.

Katika chumba cha dharura niliketi benchi moja na Kioko, kijana wa bara aliyekuwa weita wa hoteli, kidonda chake kimefungwa kitambaa. Bi. Mwanakombo, mwenye nyumba aliyopanga, ndiye aliyemleta.

"Ameanguka," alimwambia muuguzi kabla hajaulizwa.

Alikuwa akimsitiri. Kwetu aibu ya mtu hufunikwa, na mpangaji wa siku nyingi huwa mwana.

Muuguzi akapunguza sauti. "Mama, tangu watalii waadimike na hoteli zifungwe, vijana wa hoteli wanaanguka mno. Nikiamini ameanguka, nitafunga kidonda tu, arudi chumbani peke yake. Wapo waliorudi hapa wakiwa na hali mbaya zaidi."

Kioko akamgeukia muuguzi. "Sikuanguka. Nilijiumiza mwenyewe. Si mara ya kwanza."

Nilidhani Bi. Mwanakombo atamgombeza. Badala yake alimvuta karibu. "Chumba chako na changu ukuta mmoja, Kioko. Si ungegonga tu!"

Daktari alizungumza naye mpaka adhuhuri, akampangia awe akirudi kwa mazungumzo zaidi. Kisha muuguzi akauliza nani atakaa naye nyumbani.

"Mtu akifiwa twalala kwake matangani, asibaki na majonzi yake," alijibu Bi. Mwanakombo. "Huyu yu hai, ndiyo tumwache?" Akanigeukia, maana masikio nilikuwa nimeyatega waziwazi. "Na wewe mdaku, waelekea wapi?"

"Sijui, mama."

"Basi umeshafika."

Alasiri ile akatutandikia majamvi mawili ukumbini. Kioko akaniuliza, "Wewe unakoroma?"

"Naambiwa sana."

"Sawa tu. Nitajua kuna mtu." Akacheka, kidogo.

Mwanangu, wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Sitara njema haimwachi mtu peke yake na kidonda chake. Ukimwona mwenzio akiumia mara kwa mara na sababu zake hazieleweki, muulize bila kumhukumu, mpeleke hospitali, na akitoka huko usimwache. Nenda kaa naye, hata kama huna la kusema. Mimi sikuwa na la maana la kusema. Na ukilemewa wewe, sema mapema. Kioko alisema, na leo wanawe hunichosha kwa maswali.

Mola asikukoseshe mwenzi siku yako nzito, na akujaalie kuwa mwenzi wa mtu siku yake. Umri mrefu, wenye heri.