Mashua Mbili na Eda ya Dada Yangu

Rafiki yetu mmoja alirudi Kismayo kutoka Uingereza akiwa na mvi, goti bovu na michoro ya mashua ya matumbo mawili. Wazee wake walikuwa waundaji wa vyombo, na yeye huko ugenini alijifunza kuunda mashua kwa faiba badala ya mbao. Aliunda mbili uani kwake. Kila moja ilikuwa na matumbo mawili membamba yaliyounganishwa kwa vyuma, na katikati wavu uliokazwa, ambapo ndipo watu hukaa. Mashine hakuna, ni tanga tu. Nilipoziona mara ya kwanza nilimwambia kwamba hicho si chombo, ni kitanda cha kamba, naye akaninunia mpaka jioni.

Ni yeye aliyetaka twende matembezi ya baharini, sisi wanne tuliosoma chuo kimoja cha Kurani tukiwa watoto: yeye mjenzi, mimi, shemeji yangu, na mwenzetu ambaye siku hizi ni mwalimu wa madrasa ingawa utotoni alichapwa kuliko sote. Mjenzi alitaka kisiwa cha Fuma, twende na kurudi siku hiyohiyo. Mimi nilitaka Chovai kwa mama yangu, tulale huko, turudi kesho yake. Nilisema mengi juu ya sala ya Ijumaa ya kisiwani na wali wa mama. Yote yalikuwa kweli, lakini sababu yangu hasa ilikuwa dada yangu.

Dada yangu alikuwa mke wa huyo shemeji. Walikaa miaka mingi bila makuu, mpaka mama yake shemeji alipohamia kwao na kulipanga upya jiko lote kama anavyotaka yeye. Dada yangu akasema neno. Shemeji akajibu neno kubwa zaidi, na katika kupandishana huko la mwisho likawa talaka. Ilikuwa moja, alhamdulillahi, lakini talaka haina udogo. Sheria yataka mke akae eda yake, mpaka hedhi ya tatu, nyumbani kwa mumewe, huenda mioyo ikapoa. Dada yangu alikaa humo muda wa kufunga begi, kisha akapanda boti kwenda kwa mama. Hasira hasara, na hawa wawili walikuwa nayo ya kuuza.

Basi eda ikawa inakwenda. Shemeji angemrejea kabla haijaisha, mambo yangekuwa mepesi. Ikiisha, wanakuwa watu baki, waanze upya kwa posa na mahari, na wa kuombwa ningekuwa mimi, maana baba yetu alishatangulia mbele ya haki. Nilijijua. Kwa uchungu niliokuwa nao, ningemfukuza mlangoni kwangu, na kwa siku moja dada yangu angepoteza mume na mimi rafiki. Jambo hilo lilininyima usingizi kuliko nilivyotaka mke wangu ajue.

Mtu atauliza, kwa nini shemeji asipande boti ya mashine aende kumchukua mkewe, na boti za visiwani zaondoka kila siku? Ni kwa sababu ana duka la mchele na sukari katikati ya mji, na kila anayepanda boti anajulikana anakokwenda. Asingekubali watu waseme amekwenda kupiga magoti. Lakini akiwa kwenye matembezi na marafiki, akashuka Chovai kwa ajili ya sala, je, angekaa ufukweni huku mimi naingia kumsalimu mama? Hakuna Mbajuni mwenzetu awezaye hilo. Angeingia uani, angemwona mkewe, na mengine tungemwachia Mungu. Nilimweleza mjenzi na mwalimu, wakaiona hila nzuri. Shemeji peke yake ndiye hakuambiwa, na kila tukitaja Chovai yeye alisema bora Fuma.

Tulikutana kila siku baada ya alasiri barazani kwangu. Ilikuwa majira ya upepo wa matlai, ule wa mashariki, unaopiga ubavuni, unakwenda nao na kurudi nao, kwa hiyo juu ya upepo hatukuwa na ubishi. Tulibishana juu ya kila kitu kingine. Mwalimu alitaka tuchukue birika na makaa, mjenzi akasema moto haupandi kwenye faiba yake. Mimi nilitaka turubai la kivuli, nikaambiwa tanga ndilo kivuli. Mke wangu alikuwa dirishani nyuma yetu akikunja sambusa za kujaribu kabla ya safari, na yeye ndiye aliyekuwa na hesabu ya eda, kwa kuwa alizungumza na wifi yake kwa simu karibu kila siku. Alinihakikishia kuwa Ijumaa tutawahi, kuna nafasi mpaka mwisho wa mwezi.

Kisha mjenzi akasema uzito lazima ulingane, tumbo moja likizidiwa mashua inazama pua. Tukaenda dukani kwa shemeji, kwenye mizani ya kupimia magunia. Mwalimu alipopanda, mkono wa mizani ulikwenda mbio, akasema ni kanzu. Tulicheka mpaka wateja wakaingia kutazama. Alipopanda shemeji hatukucheka. Mtu yule nimemjua mnene tangu ujana, na mizani ikasema kitu kingine kabisa. Alishuka haraka akaanza kupanga makopo ya maziwa yaliyokuwa yamepangwa tayari. Nilirudi nyumbani nikiwa nimekwisha kumsamehe nusu.

Ikaamuliwa shemeji apande na mwalimu, mwembamba kwa mnene, na mimi na mjenzi. Fuma ikashindwa kwa kura, tatu kwa moja. Shemeji alilalamika kidogo, halafu akauliza tutaondoka saa ngapi, akauliza tena kesho yake, na siku iliyofuata akaja na koti jipya la kuokolea maisha, la rangi ya chungwa. Nilidhani ni woga. Hajui kuogelea vizuri, wala hawezi kutofautisha demani, ile kamba ya kuvutia tanga, na kamba ya kuanikia nguo.

Jumanne mjenzi alifika barazani. Akakaa, akavua kofia, akatuambia mashua moja imepata ufa, pale chuma kinapoingia tumboni. Aliugundua alipokuwa akiiosha kwa maji ya kunywa kuondoa chumvi. Gundi yake hapa mjini haipo, italetwa kutoka Mombasa hadi Kiunga, kisha Ras Kamboni, kisha boti yoyote itakayojaliwa. Safari ya Ijumaa haipo tena. Labda mwezi ujao.

Mwezi ujao hapangekuwa na shemeji wala dada wa kupatanishwa. Nikamtazama mwalimu, naye akawa anatazama ndala zake. Shemeji alisimama. Akamwambia mjenzi ampe ile nzima, aende peke yake. Mjenzi akamweleza kwa upole kwamba mashua hizi hazitoki moja, ikipinduka ya kwanza ya pili ndiyo inayookota watu, na kwamba hata hivyo yeye shemeji hajui kuishika. Shemeji akasema atajifunza kuanzia leo mpaka Ijumaa.

"Mnadhani mi sijui kwa nini mwataka Chovai?" akasema. "Nimenyamaza ili mnipeleke."

Hapo ndipo nilipojua kwamba mtego wetu wote aliuingia kwa miguu yake, na kwamba kelele za Fuma zilikuwa za kufunika uso. Mficha uchi hazai, wazee wamesema, na huyu alikuwa tayari kuzama na siri yake. Nilitaka kumkumbatia na kumzaba kofi kwa wakati mmoja.

Mke wangu akatoka ndani. Si kawaida yake kuingia katika mazungumzo ya barazani, lakini alitoka na unga mikononi, akasimama mlangoni.

"Kwani kumrejea mke kwachaka tanga?" akasema, akiita taka chaka kama wasemavyo Wabajuni. "Ni neno la mdomo. Na mashahidi hawa hapa wamekaa, wakubwa wazima, wapimana kwa mizani ya mchele."

Mwalimu, ambaye mambo hayo huyafundisha, alijipiga paji la uso. Akasema kweli, kwa madhehebu yetu neno latosha, hata mke akiwa mbali, hata akiwa hasikii. Wiki nzima alikuwa anafikiria birika. Shemeji akafungua kinywa palepale, na mimi nikamzuia. Nilimwambia sheria inampa haki ya kusema bila kumuuliza dada yangu, lakini mimi ndugu yake simpi. Huyo si gunia. Ampigie kwanza, akikubali ndiyo aseme, akikataa avae koti lake la chungwa aende zake. Nilisema kwa ukali, maana nilikuwa naogopa jibu.

Simu ilinipita mkononi kwanza. Dada yangu aliponisikia nikizungukazunguka na habari za ufa na gundi, alinikatiza.

"Mi si mchu wa kuombewa," akasema. "Aseme mwenyewe."

Nikampa shemeji simu, akaenda nayo pembeni penye mpilipili wa mke wangu. Hatukusikia aliyoambiwa, tuliona mgongo tu. Aliambiwa mengi. Alisikiliza muda mrefu akijibu ndiyo, na ndiyo, na hilo pia ndiyo. Mara moja alisema mama yake atahamia kwa mwanawe mkubwa, ameshazungumza naye. Baadaye alirudi amesimama wima, simu imefunguliwa sauti, akasema mbele yetu sote, "Nimekurejea." Sauti ya dada yangu ikajibu kuwa amesikia, na aje amchukue kesho, na asije na hao wengine.

Mjenzi alikuwa wa kwanza kucheka. Mwalimu alisoma dua, nami nikaitikia amina nikiwa nimegeukia ukuta, kwa kuwa machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka kutaniwa. Sambusa zote za majaribio ziliisha jioni hiyo, hata zilizoungua. Shemeji peke yake alikula kumi au zaidi, hatukuhesabu.

Jumatano asubuhi alipanda boti ya mashine kama watu wote, mchana kweupe, mbele ya wauza samaki, mkononi amebeba mfuko wa zawadi usiofichika. Aliyemuuliza anakwenda wapi alijibiwa. Mimi nilikwenda zangu kumsaidia mjenzi kusugua ule ufa, kwa kuwa sasa kweli nilikuwa nataka kutembea baharini.

Niliporudi adhuhuri nilimkuta mke wangu amekaa sakafuni na simu mapajani. Alikuwa ametoka kuzungumza na wifi yake. Nilimuuliza kama shemeji amefika salama, akasema amefika, anakula. Kisha akanieleza kwa maneno ya kuzunguka, kama wanawake wanavyotueleza mambo yao, kwamba yeye alikuwa akihesabu kwa kalenda ya ukutani, na mwili wa mwanamke hauisomi kalenda hiyo. Alfajiri ile ile, kabla boti haijaondoka Kismayo, dada yangu aliamka akakuta ameingia mwezini. Mara ya tatu tangu talaka, ile inayofunga eda. Kama neno lisingesemwa jana alasiri, lisingekuwa tena na mke wa kumrejea.

Nilikaa chini kando yake. Ijumaa tungefika Chovai sote wanne na sambusa zetu, na shemeji angeingia uani kwa mama akiwa mgeni.